Shaba Iliyozikwa Upenuni

Friji la Bi Mwajabu lilikuwa halipigi wanaume. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, maana kitu kinachochagua watu hakuna anayekiita kibovu. Hutafutiwa jina jingine.

Lilikuwa friji la mtumba lililovushwa kutoka Unguja, refu kumpita mtu, mlango wake umebonyea ubavuni, na Bi Mwajabu alilipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote cha bati. Alikuwa mjane wa watu wa Bagamoyo mjini, wale wa nyumba za mawe zenye chumvi ukutani, na tangu mumewe afariki alikula jasho lake mwenyewe: barafu za ubuyu, juisi ya ukwaju, maji baridi ya kuuzia wapita njia. Ramadhani ikiingia, watoto walipanga foleni mlangoni na mabakuli yao kuanzia alasiri. Friji lilisimama katika ukumbi wa nyuma, ambao ndio jiko, na ndipo hapohapo wanawake wa nyumba ile walipotandika miswala yao. Kwa hiyo Bi Mwajabu hakutaka kuona kiatu wala kandambili katika sakafu ile. Wanawake walitembea miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa maji ya udhu. Wanaume waliswali msikitini, wakirudi wanaingia na makubadhi yao ya soli za mpira kudai maji ya kunywa, na nani wa kumwambia mwanamume avue.

Basi mwanamke akishika mpini, friji linampiga. Mara nyingi ni mtetemo tu wa kutambaa mpaka kwenye kiwiko, siku nyingine ni kishindo cha kumrusha mkono. Twalib, mtoto wa kiume wa Bi Mwajabu, akilishika halimfanyi kitu. "Mbona mimi linaniogopa?" alikuwa akisema huku anacheka, anakunywa maji yake wima. Bi Mwajabu hakucheka. Alisema mle ndani mna mwanamume, na si wa kibinadamu.

Mardhiya, mke wa Twalib, alijua jibu tangu siku ya kwanza. Alikuwa mwalimu wa fizikia shule ya sekondari, na habari za mkondo wa umeme alizifundisha kila mwaka kwa watoto waliokuwa wakisinzia. Ndani ya friji lile palikuwa na waya uliochubuka ngozi ukaligusa bati, na umeme ukaenea mwili mzima wa friji, unangoja njia ya kushukia ardhini. Mwenye kiatu cha mpira ameifunga njia. Mwenye mguu mtupu uliolowa ndiye njia yenyewe. Lakini mambo hayo Mardhiya aliyafundisha kwa Kiingereza, na mama mkwe alipomuuliza ni nini, maneno yalimtoka nusunusu, akaona uvivu wa kuyatafuta mengine, akaishia kucheka. "Mama nawe! Jini gani atakayekubali kulala na barafu?"

Bi Mwajabu akarudi kwenye barafu zake. Ni yeye aliyemfundisha Mardhiya kupika wali wa nazi, na ni yeye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua Lulu, akimwita mwanangu mbele za watu. Lakini kuchekwa kulimkaa moyoni. Na Mardhiya, ambaye alimpenda yule mama kikwelikweli, hakuona kama pana jambo la kuombea radhi. Wasomi wana ugonjwa huo. Wakishalijua jambo wao, wanahesabu limekwisha.

Fundi Muzammil, aliyelitazama friji mara moja likiwa barazani, alisema dawa ya kweli ni kubadilisha mashine yake yote ya nyuma. Bi Mwajabu hakutaka kusikia, maana Ramadhani ilikuwa mlangoni na friji likizimwa hana riziki. Twalib naye alisema hizo ni tamthilia za kina mama. Mardhiya akaona aifanye dawa ya kutuliza kwanza. Alisubiri mpaka Bi Mwajabu na binti yake Hafidha walipokwenda harusini Pangani, na Twalib alipokuwa Dar kuchukua mali ya duka lake la rangi na mabomba, akamwita Muzammil.

Muzammil alichimba upenuni, kwenye kona ya nyumba, akapigilia fimbo ya shaba mpaka ikazama. Pembeni yake akashindilia mkaa na chumvi ya mawe, akamwagia maji. Kisha akafunga waya wa kijani kwenye ile fimbo, akaupitisha kwenye tundu chini ya dirisha mpaka mgongoni mwa friji, akaubana kwenye bati. "Mafundi tunaita ethi," alisema. "Umeme unaovuja sasa utakimbilia huku, ambako ni rahisi kwake, utaacha kupita kwa watu. Chumvi na mkaa vinashika unyevu, na unyevu ndio unaoupitisha. Kiangazi ukiona linaanza tena kutekenya, mwagia maji hapa, tia na chumvi kidogo." Walifukia, wakasawazisha udongo, na Mardhiya akalishika friji kwa mguu mtupu uliolowa. Kimya. Alifurahi kama mtoto.

Hakumwambia mtu. Aliona akisema ataanzisha upya mjadala aliokwisha kuushinda. Bi Mwajabu alirudi kutoka Pangani, akashika mpini kwa hofu, akaona salama, akamshukuru Mungu na jamaa zake wa huko waliomsomea uradi. Mardhiya akamwachia imani yake na kutabasamu pembeni. Neno moja siku ile lingetosha. Hakulisema, na mtu akitaka kumwonea huruma mwanamke huyu, basi na hilo alikumbuke.

Mwaka ukazunguka, kiangazi kikakaza, udongo wa upenuni ukapasuka. Friji likaanza tena kutekenya. Mardhiya akawa anatoka alfajiri na jagi la maji ya chumvi, anamwagia kwenye kona, kisha anakwenda shule. Na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kujikumbusha somo la siku kabla ya kulifundisha, alimwaga huku akinong'ona kwa Kiingereza, peke yake, ameinama.

Hafidha alimwona kupitia dirishani. Hafidha alikuwa ameachika mara mbili na kurudi kwa mama, na mchumba wa tatu, mtu mwenye viwanja Mapinga, alikuwa ameingia mitini bila sababu. Miguu ya Bi Mwajabu nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Sasa mwanamke anayetafuta ni nani kamfungia riziki, halafu amwone wifi yake akimwaga maji ya chumvi pembezoni mwa nyumba na kusema lugha isiyoeleweka, mnataka afikiri nini?

Mtaalamu aliyeitwa alitoka Makurunge, jina lake Msabaha, na hakuja na kibuyu wala ungo. Alikuja na mashine. Aliinunua kwa watu waliofika pwani kutafuta mali alizozika Mjerumani, wakachimba mpaka wakachoka: fimbo ndefu, chini ina pete pana, juu ina kisanduku cha taa, na vipokea sauti ambavyo Msabaha alivivaa juu ya kofia yake ya viua. Ile pete ni waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme unapita humo ukigeukageuka, na metali yoyote iliyofukiwa karibu inaamshwa, inazaa kijimkondo chake yenyewe, na pete inakisikia. Mashine haina dini wala uchawi. Inajua kusema jambo moja tu, kwamba hapa pana metali, na haisemi uongo. Mengine yote aliyasema Msabaha.

Iliimba kwenye kona ya upenu. Wakachimba.

Mardhiya aliporudi kutoka shule alivikuta vimetandazwa juu ya mkeka ukumbini: fimbo ya shaba iliyoota ukoga wa kijani, mabonge ya chumvi yaliyoganda, vipande vya mkaa, na waya uliokatwa, ambao waliufuata kutoka upenuni mpaka mgongoni mwa friji. Haki ya Mungu, hata asiyeamini kitu angeshtuka.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bi Mwajabu hakuitikia.

"Mwalimu," alisema Msabaha kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, "kitu hiki wakifahamu?"

"Nakifahamu. Nilikizika mimi."

Hafidha akapiga ukelele. Twalib, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakaa chini.

Sasa ndipo Mardhiya alipoyatafuta yale maneno ya Kiswahili aliyokuwa na deni nayo. Aliwaambia umeme ukivuja unatafuta ardhi, naye aliupa njia nyingine usipite kwenye miili yao. Alisema vizuri, polepole, kama asemavyo na watoto wa kidato cha kwanza.

"Na chumvi?" aliuliza Hafidha.

"Inashika unyevu."

"Na mkaa?"

"Vilevile, wifi."

"Na maneno uliyokuwa ukiyasema alfajiri? Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Nilikuwa najikumbusha somo." Hata masikioni mwake mwenyewe jibu hilo lilisikika la uongo.

Twalib aliuliza lake moja. "Nani alichimba?"

"Fundi Muzammil."

"Lini?"

"Mama walipokuwa Pangani. Nawe ukiwa Dar."

"Kwa hiyo mwanamume aliingia nyumbani kwangu, hayupo mama, hayupo dada, mimi sipo." Akampigia Muzammil simu palepale, sauti imefunguliwa wote wasikie. Muzammil alisikia kilio cha Hafidha, akasikia neno uchawi, akasikia na neno mke wangu, akaapa kwamba ndani ya nyumba hiyo hajapata kukanyaga. Naye alikuwa na mke na jina lake mjini.

Mardhiya hakuwa amekwisha. Alikwenda kwenye mkoba wake akatoa testa, ile bisibisi ya plastiki yenye kijitaa ndani. Ukigusisha ncha yake penye umeme na ukaweka kidole gumba kwenye kichwa chake cha chuma, umeme mdogo mno hupita kwenye taa, ukapita mwilini mwako bila kukudhuru, ukashuka chini, na taa ikawaka. Bila kidole, haiwaki. Aligusa ubavu wa friji. Taa ikawaka nyekundu mkononi mwake.

"Mnaona? Huo ndio umeme. Mmeitoa fimbo, na sasa umerudi wote kwenye bati."

Waliona. Twalib alimnyang'anya testa, akaishika kwenye plastiki kwa ncha za vidole kama mtu ashikaye nge, akagusa palepale. Haikuwaka.

"Weka kidole gumba hapo juu," Mardhiya alisema. "Kwenye chuma. Weka, Baba Lulu, haidhuru!"

"Ili unimalize na mimi?"

"Inamwitikia yeye tu," alisema Msabaha.

Talaka ilitoka jioni ile, moja, na Twalib hakumtazama wakati wa kuitamka. Lulu atabaki kwa baba yake, kwani nani wa kumkabidhi mtoto kwa mtu wa namna hiyo? Mardhiya hakulilia talaka. Alipiga magoti mbele ya Bi Mwajabu akamwomba jambo moja, ile fimbo irudishwe, au friji lichomolewe mpaka litengenezwe. "Nitalipa mimi, mama. Nakuomba. Litaua mtu."

Bi Mwajabu alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi. "Wanitishia, mwanangu?" alisema. "Nimekufanyia nini mimi?"

Msabaha aliondoka na shaba akidai anakwenda kuitosa katika kina kirefu. Haikufika baharini, ilifika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, lakini hilo ni lake na Mola wake.

Mardhiya alipanga chumba Magomeni ya hapohapo Bagamoyo, nyuma ya soko. Kazini waliokuwa wakimsalimu wakaanza kuangalia simu zao. Hayo aliyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni kufikiria sakafu ile iliyolowa na mtoto wake anayetembea juu yake. Kila Ijumaa alimngoja Lulu njiani akitoka madrasa, na siku ya kwanza alimpelekea kandambili jozi mbili, ya mtoto na ya mtu mzima.

"Usiliguse friji bila kuvaa hizi," alimwambia. "Na mikono iwe mikavu. Ukimwona mtu ameng'ang'aniwa, usimshike, tafuta mti, msukume kwa mti mpaka aachie. Hizi kubwa mpe bibi. Mwambie Mardhiya anakuomba kwa jina la Mungu uvae."

"Bibi hataki viatu ukumbini."

"Mwambie hivyohivyo."

Lulu alikuwa mtoto wa kusikia. Alizivaa zake, akagombezwa, akazivaa tena, mpaka Bi Mwajabu akamwachia kwa kuwa ni yatima wa mama aliye hai. Zile kubwa Hafidha alizichoma uani kwa mafuta ya taa. Bi Mwajabu aliposimama kutazama moshi, alisema tu kwamba zilikuwa nzuri. Hilo Lulu alilieleza Ijumaa iliyofuata, na Mardhiya akalia njiani bila kujificha.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akasikilizwa kwa heshima na kuambiwa mambo ya kifamilia yamalizwe kifamilia. Alikwenda dukani kwa Twalib, akamkuta ana wateja, akamwambia mbele yao achomoe lile friji. Twalib alimsihi aondoke asimharibie biashara. Ramadhani ikaandama.

Ilikuwa alasiri, foleni ya mabakuli imeshafika mlangoni. Bi Mwajabu alitawadha, akaswali, akakaa kuandaa futari, akaona watoto wanasubiri, akaenda kutoa barafu. Mikono ilikuwa bado na umajimaji wa magimbi aliyokuwa akiosha, na miguu kama siku zote. Safari hii halikumrusha. Lilimshika. Vidole vikakaza kwenye mpini na sauti haikutoka. Aliyekuwa karibu ni Lulu peke yake, naye alifanya kama alivyofundishwa. Hakumgusa bibi. Alikimbilia mchi wa kinu, akausukuma kwenye kifua cha bibi yake kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu Bi Mwajabu akaachia, akaanguka chali.

Hafidha alipoingia mbio, alichokiona ni mama yake yuko sakafuni amekufa, na mtoto wa Mardhiya amesimama juu yake na mchi mkononi, miguuni ana kandambili.

Mardhiya alipata habari kesho yake akiwa shuleni. Alikwenda kama alivyo, na njia nzima watu walimpisha, si kwa heshima. Walikuwa wameshazika. Nyumba ilijaa wanawake waliokaa chini kwa safu, na alipopita wakavuta kanga zao. Katikati ya ukumbi wa nyuma friji lilikuwa linanguruma vilevile, na shoga mmoja wa marehemu, ametoka kutawadha, nyayo zake zinaacha alama za maji, alikuwa anakwenda kutoa maji baridi ya wafiwa kufuturia.

"Usishike!" Mardhiya alipiga ukelele. Yule mama akaganda. Mardhiya aliruka miguu ya watu, akafika ukutani, akaichomoa plagi kwenye soketi kwa mkono mmoja. Mngurumo ukakatika. 

Kisha akavua viatu. Akakanyaga pale penye maji, akaweka viganja vyake vyote viwili kwenye mlango wa friji lililomuua mtu aliyekuwa akimwita mwanangu, na akalia kwa sauti, mwili mzima ukitikisika, kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya mkeka. Alipoweza kusema alisema, "Shikeni. Sasa halipigi. Shikeni muone." Mmoja alishika. Mwingine akashika. Hafidha mwenyewe akaja, akagusa kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja.

"Limeondoka," alisema Hafidha. "Kaja mwenyewe kaliondoa."

Minong'ono ikazunguka ukuta kwa ukuta. Mardhiya aliwatazama na ile plagi ikiwa bado mkononi mwake. Kila alichokifanya kwa umeme kilikuwa ni ushahidi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa ushahidi wa umeme.

Twalib alimwita uani, nje ya masikio ya watu. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. Aliitazama plagi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu talaka, na Mardhiya akaona kwamba anajua. Duka lake liliuza nyaya na soketi pembeni ya rangi na mabomba. Hakuwa mjinga.

"Unajua," Mardhiya alisema.

"Nisikilize, Mama Lulu."

"Unajua kilichomuua."

"Kama ni umeme," Twalib alisema, na sauti yake ikapasuka, "basi aliyeacha ile fimbo ing'olewe ni mimi. Uliyekuja kumwomba dukani ni mimi. Umenielewa? Basi nimemuua mama mimi. Siwezi. Siwezi kulala na hilo nikaamka nalo." Alijifuta uso kwa kanzu. "Hafidha hataki mtoto alale humu. Anasema karithi. Wazee nao wameshaanza kumtazama vibaya. Nenda ukawaambie kwamba kile kitu kilikuwa chako na umekiondoa. Maneno hayo tu. Kisha mchukue Lulu, na hakuna atakayekudai."

Mardhiya alimtukana. Alimwambia ni mwoga, na kwamba Bi Mwajabu hakustahili mtoto kama yeye. Alisema yote aliyokuwa nayo, na Twalib aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza, "Utawaambia?"

Lulu alikuwa amekaa peke yake kwenye kizingiti cha choo, amewekwa mbali na watoto wengine. Hakuna aliyekuwa amemlisha. Kandambili zilikuwa bado miguuni.

Mardhiya aliingia ukumbini. Watu wote walikuwepo, wanawake kwenye mikeka, wazee wa kiume wamesimama mlangoni. "Kile kitu cha upenuni kilikuwa changu," alisema. "Nilikizika mimi. Na leo nimeondoa kilichokuwa humu." Hapakuwa na neno la uongo hata moja, ndiyo maana lilimtafuna zaidi. Kilio kipya kikapanda. Mzee mmoja alisema astaghfirullah, mwachieni mtoto wake aende naye, tusimwone tena. Alipogeuka, Lulu alikuwa amesimama nyuma ya wazee. Alikuwa amesikia yote.

Friji lile halikukaa. Kabla ya hitima lilipakiwa kwenye guta likauzwa kwa mtu mwenye mgahawa Msata, likiwa safi, limeshasomewa. Mardhiya aliyasikia hayo sokoni. Alipiga simu kwa mwenye mgahawa akajieleza, na yule bwana akamuuliza kwa adabu yeye ni nani. Alipotaja jina, simu ilikatwa.

Usiku wa kwanza Lulu alilala ameuelekea ukuta. Asubuhi Mardhiya alimpikia chai, akavuta kigoda, akachukua kitana na mafuta ya nazi.

"Njoo nikusuke, mama."

Lulu alisimama mlangoni. Aliutazama mkono wa mama yake ulionyooshwa. Kisha akatoka nje, akatafuta kandambili zake, akazivaa. Akafuta viganja vyake kwenye gauni, vyote viwili, mpaka vikakauka. Ndipo akaja akakaa.